Frateri Niliyemtunga Mwenyewe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama chetu cha Wagoa wa Afrika Mashariki, Bwana Custodio Rebelo. Waheshimiwa wazee wa jamatkhana, ndugu zetu Waismailia, mliokuja kumsindikiza mtu wenu. Viongozi wenzangu wa akina mama wa parokia, ambao mimi ni katibu wenu angalau mpaka hotuba hii itakapokwisha. Bi Zebunissa Walji, mwenye shughuli hii ya kustaafu, pamoja na watoto na wajukuu zako. Ndugu wageni waalikwa kutoka Don Mills, North York na maghorofa ya Dixon. Na nyinyi wa meza ya mwisho karibu na jiko, mliokwisha kumaliza sambusa za wenzenu: nawasalimu nyote kwa heshima na taadhima.

Baba Paroko ameomba radhi kwamba ana ubatizo saa hizi. Kwa haya nitakayoyasema, namwombea ubatizo huo uwe na watoto wengi.

Ndugu mshereheshaji amenipa dakika tano, na naona tayari anaitazama saa yake. Baba, ifiche hiyo saa. Miaka kumi na mmoja nilipiga taipu katika ofisi ya mkonge kule Tanga, na miaka ishirini na sita katika kampuni ya bima hapa Toronto, na muda wote huo nilikuwa nikipiga maneno ya watu wengine. Leo nina ya kwangu, tena kurasa saba. Zebunissa ndiye aliyeagiza hotuba zote ziwe za Kiswahili kwa sababu, anasema, Kiingereza amekijaza kwenye fomu za watu miaka ishirini na mitano na sasa kimemtosha. Nanyi vijana wetu, mnaosikia Kiswahili mkajibu Kiingereza, mkikwama waulizeni bibi zenu. Kuna mahali bibi zenu watakataa kutafsiri. Hapo ndipo mtege masikio.

Nani humu ndani hajawahi kukaa kwenye kile kiti cha mbao cha ofisi ya Zebunissa, pale Don Mills, juu ya duka la dobi? Nani hajawahi kutoka pale nguo zake zikinukia mvuke wa pasi na moyo wake ukidunda? Washauri wengine wa uhamiaji hukupokea kwa chai na peremende. Zebunissa, mzaliwa wa Tabora, hukupokea kwa kalamu nyekundu. Hajakuuliza hujambo, ameshakuuliza: "Hiki ulichoandika ni kweli?" Na ukisita, hata kama ni kupiga chafya tu, anakurudishia karatasi zako na kukwambia nenda nyumbani, ukiikumbuka kweli urudi nayo.

Wangapi humu wamepata makaratasi yao kupitia kalamu ile? Inueni mikono. Haya, shusheni haraka, tusije tukahesabiwa. Mimi pia ninainua wangu, ingawa nilifika nchi hii mwaka 1974 na makaratasi yangu hayana tatizo. Mimi nilikwenda kwa Zebunissa kwa sababu nyingine, na hiyo sababu ndiyo hotuba yangu.

Mnamfahamu mwanangu Neil. Amekaa pale, tai ya buluu, anayeniangalia kama anayengoja kung'olewa jino. Mwaka 2004 Neil alinikalisha jikoni akaniambia kwamba ana mwenzake, kwamba mwenzake huyo ni mwanamume, kwamba anaitwa Gervais, mwanafunzi kutoka Bukavu, na kwamba si jambo la kupita. Ndugu wageni, nililia siku tatu. Siku ya nne Gervais mwenyewe akaja kunisalimu, akaona bomba la sinki linavuja, akavua koti, akalala chini ya sinki nusu saa nzima. Marehemu mume wangu alikuwa akiniahidi kulitengeneza bomba lile tangu tulipolinunua. Siku ya tano sikulia.

Mwaka uliofuata Gervais akahamia kwetu. Mimi ndani ya nyumba sikuwa na neno. Tatizo langu lilikuwa nje ya nyumba, yaani lilikuwa nyinyi.

Ikatokea sherehe ya ubatizo, hapa hapa Don Mills, mwezi wa Novemba, baridi ya kwanza kwanza. Gervais alivaa sweta jeusi, na ndani shati jeupe, kola yake imejitokeza kidogo shingoni. Mama Télesphore, nakuona, dada yangu, usijifiche nyuma ya maua, alinijia na sahani yake mkononi akaniuliza: "Eeh, Maman Clotilda, uyu kijana ni wa nani?" Swali dogo. Mtu mwenye akili angejibu ni rafiki wa Neil, angejibu ni mpangaji. Mimi niliitazama ile kola, niliona akina mama sita wamegeuza shingo kusikiliza, ulimi ukanitangulia. Nikasema: "Huyu? Huyu ni frateri."

Neno likishatoka utalirudisha vipi? Mama Télesphore aliweka sahani chini, akamwendea Gervais, akamshika mikono yote miwili akamwomba amkumbuke katika sala zake. Gervais akanitazama. Mimi nikatazama dari. Yeye ni mtoto aliyelelewa vizuri, na mtu akikuomba umkumbuke katika sala, utamkatalia? Alimjibu kwamba atamkumbuka. Na kwa taarifa yako, Mama Télesphore, alikukumbuka kweli, pamoja na goti lako.

Ndivyo nilivyomtunga frateri, kijana asomeaye upadre. Nikamtungia na shirika, dogo sana, la huko Bukavu, hamlifahamu. Nikamtungia na mkubwa wake wa shirika, aliyempa ruhusa ya kukaa na familia ya Kikatoliki ili autafakari wito wake. Kila mlipouliza swali jipya, niliongeza chumba kipya kwenye nyumba ya uongo, mpaka nikawa mimi mwenyewe napotea humo ndani. Nanyi mkampenda! Mkamwita kwenye rozari. Mkamwita kwenye arobaini. Gazeti letu dogo la parokia likampiga picha kila sikukuu, na chini ya picha, wino mweusi: "Frateri Gervais akiwa na mwenyeji wake, Ndugu Neil." Nami niliyekuwa nikiyapiga taipu yale maandishi ya chini ya picha ni nani? Katibu wenu.

Mwaka 2006 vijana wakafunga ndoa pale Ukumbi wa Jiji, siku ya Alhamisi, mashahidi wawili kutoka kazini kwa Neil. Mimi sikwenda. Niliwaambia nina miadi ya daktari wa macho, na hivyo ndivyo nilivyoikosa arusi ya mtoto wangu wa pekee, nikiwa nimekaa kwenye benchi la duka la miwani nikisoma herufi ukutani. Hilo halichekeshi na sitalifanya lichekeshe.

Kisha kibali cha masomo cha Gervais kikakaribia kwisha. Hapo ndipo Neil alipotaka kumdhamini mumewe apate ukaazi wa kudumu, na hapo ndipo sote watatu tulipopanda zile ngazi juu ya duka la dobi. Nilikuwa na hofu. Zebunissa ni mwanamke wa dini, mjukuu wa watu wa dini, nikadhani atatutazama vibaya. Alitazama fomu. Akawauliza vijana: "Mmeoana?" Wakasema ndiyo. "Ndoa ni ya kweli?" Wakasema ndiyo. Akavuta karatasi mpya. Mimi ndiye niliyeanza kupapatika. Nikamwuliza: Zebunissa, hakuna njia nyingine, ya chinichini kidogo, isiyotaja mambo ya ndoa?

Alivua miwani akanijibu, na maneno yake nimeyashika mpaka leo: "Clotilda, sikiliza. Ontario imewaoza wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake tangu mwaka 2003, na nchi nzima tangu 2005. Uhamiaji kuna mlango wa waliooana. Kuna mlango wa ambao hawakuoana ila wameishi pamoja mwaka mzima kama mtu na mwenzake. Kuna hata mlango wa wale ambao sheria za kwao zimewazuia kuoana na kuishi pamoja. Sheria haiulizi ni bwana na bibi au bwana na bwana. Inauliza kama wanapendana kweli au wanatafuta karatasi. Milango ndiyo hiyo. Mlango wa chinichini mimi sijaupata katika kitabu."

Zikapelekwa fomu. Zebunissa akasema tutafute ushahidi: picha, barua, watu wanaowajua kama wanandoa. Halafu akasafiri kwenda Vancouver kwa dada yake aliyekuwa mgonjwa. Alipokuwa huko, Neil, mwanangu, msomi mwenye shahada mbili, alitafuta picha akiwa na Gervais mbele za watu. Alizipata wapi? Mahali pekee palipokuwa na picha zao mbele za watu ni gazeti la parokia. Akakata kumi na moja, vizuri kabisa, kwa mkasi, pamoja na maandishi yake, akazitia kwenye bahasha akaipeleka posta.

Ndugu wageni waalikwa, hebu jiwekeni mahali pa afisa wa uhamiaji. Mbele yako kuna ombi la mtu na mumewe. Unafungua bahasha ya ushahidi wa ndoa, unakuta picha kumi na moja za mtawa.

Barua ikaja. Ilisema, kwa adabu kubwa, kwamba afisa angependa kuelewa ni vipi mwombaji anaweza kuwa wakati mmoja mume wa Bwana Neil na mtu wa shirika la kitawa. Kwamba kuna mashaka makubwa juu ya ukweli wa ndoa. Na kwamba wote wawili waje wahojiwe. Hapo mchezo ulikwisha. Ombi likikataliwa, Gervais angeambiwa aondoke, na Bukavu ya miaka ile mnaijua nyinyi mnaotoka huko kuliko mimi. Neil angemfuata wapi? Wangeishi wapi, mlango gani, mtaa gani? Usiku ule Neil hakunilaumu kwa neno hata moja. Alinitengenezea chai, akaiweka mbele yangu, akaenda kulala. Kheri angenitukana.

Zebunissa aliporudi aliisoma barua, kisha akazisoma picha zote kumi na moja, pole pole, na nawaapia niliona midomo yake ikitetemeka kwa kuzuia kicheko. Kisha akanitazama mimi. "Nani alianza habari hii ya frateri?" Nikasema mimi. "Basi utaimaliza wewe. Andika hati ya kiapo."

Niliandika nyumbani, ukurasa mzuri, mashine yangu ileile. Niliandika kwamba katika mazingira ya jumuiya palitokea hali ya kutoelewana kuhusu cheo cha mwombaji. Kalamu nyekundu ikatua. "Nani hakuelewana na nani?" Nikaandika tena: kwamba watu walipata dhana isiyo sahihi. Kalamu nyekundu. "Waliipata wapi, barabarani?" Mara ya tatu, mara ya nne. Mara ya tano aliniwekea karatasi tupu pale pale mezani kwake, akasimama dirishani na kunipa mgongo. Nikaandika kwa mkono: Nilidanganya. Nilidanganya kwa sababu niliona haya. Nikaweka sahihi mbele ya wakili.

Nikadhani nimemaliza. Akasema: "Bado mtu mmoja asiye wa damu yako, aseme anawajua kama mtu na mwenzake." Nikamwambia hakuna anayewajua hivyo. Akasema: "Ndiyo maana nakutuma ukamwambie mmoja."

Sasa, Mheshimiwa Mwenyekiti, utanisamehe.

Nilikwenda kwa Bwana Custodio kwa sababu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na kwa sababu anajulikana kwa kutunza siri, nami sikuwa nimewahi kumpa hata moja. Alinipokea sebuleni. Nikamweleza yote, kola, ubatizo, shirika la Bukavu, ndoa ya Ukumbi wa Jiji. Aliinama akalitazama zulia. Nilijiandaa kwa lolote: anifukuze, anitangaze kwenye chama, anisomee amri kumi. Mwisho akanyanyua kichwa akasema: "Dada Clotilda. Na gari langu?"

"Gari gani, Bwana Custodio?"

"Toyota! Alilinyunyizia maji ya baraka! Mwenyewe nilimwomba!"

Nikamwambia yale yalikuwa maji ya bomba, na Gervais alimwambia wazi siku ile kwamba yeye hana mamlaka ya kubariki gari.

"Nilidhani ni unyenyekevu!" akasema. Akasimama, akaenda dirishani, akalitazama gari lake. "Miaka miwili naendesha barabara ya 401 katikati ya malori nikijua nimekingwa. Miaka miwili, Dada Clotilda. Ningejua ningekwenda polepole."

Ndoa ya wanaume wawili, ndugu zangu, haikumsumbua hata dakika moja, au kama ilimsumbua, gari liliiziba. Alipotulia akakaa, akafikiri, kisha akasema jambo ambalo mimi, mama, sikuwa nimeliona. Akasema: "Mimi huamka saa kumi na mbili asubuhi. Kila baridi, theluji ikianguka, namwona yule kijana kwenye gari la Neil. Anakwangua barafu vioo vyote, mbele na nyuma, anawasha injini ipate joto, kisha anaingia ndani, Neil ndiye anayetoka na kwenda kazini. Kila siku. Yeye mwenyewe hupanda basi. Mimi nilidhani ni utawa. Nilimwambia hadi mke wangu, tazama mtu wa Mungu anavyojitesa. Mke wangu akaniuliza mbona mimi sijitesi."

Hayo aliyaandika, akatia sahihi. Karatasi ile ya Custodio Rebelo kuhusu barafu ya vioo, Zebunissa aliniambia baadaye, ni ushahidi bora wa ndoa aliowahi kuupeleka serikalini, kuliko picha zozote za keki.

Siku ya mahojiano tulikwenda wanne, Zebunissa akiwa na faili lake. Waliingia mmoja mmoja. Neil aliulizwa jana mlikula nini, akasema wali na samaki wa nazi aliopika mama. Gervais akaulizwa hilohilo, akasema wali na samaki wa nazi aliopika mama, akaongeza, kwa vile ni siku ya kusema kweli, kwamba samaki wa mama huwa na chumvi nyingi mno, kwamba amemla kila Ijumaa tangu alipohamia kwetu, na kwamba hatamwambia kamwe. Afisa akacheka. Zebunissa, aliyeruhusiwa kukaa ndani na kusikiliza tu, ndiye aliyeniambia baadaye. Samaki wangu! Samaki aliyesifiwa Tanga nzima! Sijambo sasa, lakini ilinichukua mwezi.

Kisha nikaitwa mimi. Afisa alikuwa binti mdogo kuliko Neil, nywele amezifunga nyuma, hati yangu ya kiapo mkononi. Akaniuliza, nami nawatafsiria: "Mama, hapa umekiri kwamba ulidanganya watu miaka miwili. Nitajuaje kwamba leo hunidanganyi mimi?"

Swali zuri. Sikuwa nimejiandaa nalo, na Zebunissa hakuruhusiwa kunisaidia. Nikamwambia: Mwanangu, mimi nikidanganya nadanganya kwa faida. Nilisema huyu ni frateri, nikapata heshima, nikawekwa meza ya mbele, nikapewa ukatibu. Leo nikikwambia ni mume wa mwanangu, napata nini? Napoteza meza, napoteza ukatibu, napoteza na uso wangu. Umeshamwona mtu anayedanganya ili aaibike?

Aliandika. Halafu, bila kunyanyua macho, akauliza: "Bado unaona haya?"

Nilikuwa nimekula kiapo. Nikasema ndiyo.

Mlango ulikuwa wazi kidogo, na Gervais alikuwa amekaa kwenye benchi nje. Nilipotoka nilijua amesikia. Alisimama, akapokea mkoba wangu kama anavyoupokea siku zote, akaniambia, "Aksanti, Mama." Nikamwuliza, asante ya nini? Akasema, "Ya kusema kweli." Mtu amesikia mama mkwe wake akiapa mbele ya serikali kwamba anamwonea haya, na anashukuru. Nilipanda gari nikatazama nje ya dirisha mpaka nyumbani kwa sababu nililia na sikutaka waone.

Mwanzoni mwa 2008 karatasi zikaja. Amekubaliwa! Zebunissa alizileta mwenyewe nyumbani, tukacheza muziki jikoni wanne sisi, milango imefungwa, pazia zimeshushwa. Na wiki iliyofuata nyinyi mkaniuliza habari za frateri, na mimi, baada ya yote hayo, baada ya kiapo, mnajua nikawajibu nini? Nikawaambia ameacha wito.

Nilidhani nimefunga nyumba ya uongo kwa ufunguo. Kumbe ndiyo kwanza nimeifungulia wageni! Kijana aliyeacha seminari, mpole, anafua, anapika, anajua sala zote, ana karatasi: hivi kuna mama humu ambaye hakumtaka awe mkwe wake? Mlileta mabinti. Mlileta picha za mabinti. Mwaka jana, Jumapili ya Pasaka, Mama Télesphore alileta mpwa wake kutoka Montreal, binti mzuri, muuguzi, wakakaa sebuleni kwangu saa mbili nzima wakimsifia Gervais faida za kuoa. Neil ndiye aliyewahudumia soda. Aliweka trei chini, akaja jikoni, akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu: "Mama, yule anayeposwa pale ni mume wangu."

Nilimpa barafu akaipeleka.

Miezi miwili iliyopita nikasikia Zebunissa anastaafu. Nikamwendea, nikapanda zile ngazi, nikamwuliza: wewe uliyewaweka mwanangu na mwenzake chini ya paa moja, nikupe zawadi gani? Nilikuwa nimefikiria shali, au saa ya ukutani. Alifungua kabati lake la chuma, akatoa ile hati yangu. Akasema: "Hii wameisoma watu wanne, na mmoja ni wakili aliyeisoma haraka. Mimi nafunga ofisi. Sina tena kabati la kukufichia. Zawadi yangu ni uiseme mbele za watu, kwa mdomo wako." Nikamwambia shali ni nzuri sana. Akaitafuta kalamu nyekundu.

Kwa hiyo nimesema, Zebunissa. Zawadi yako ndiyo hii, na ni ghali kuliko shali.

Sasa ndugu wageni waalikwa, naomba kila mmoja ashike ratiba iliyo mbele yake. Namba tisa imeandikwa: Sala ya chakula, Bwana Gervais Bahati, aliyekuwa frateri. Niliyeipiga taipu ni mimi, juzi, kwa mazoea. Hakuwahi kuwa frateri hata kwa siku moja. Mwenye kalamu afute. Mwandike pale: mume wa Neil, mkwe wa Clotilda. Mama Télesphore, mwambie na mpwa wako, pamoja na salamu zangu nyingi na pole.

Yule binti afisa hayumo humu, lakini swali lake nimekaa nalo miaka sita, na ningependa alisikie jibu langu la leo. Haya bado ninayo, sitaapa tena uongo. Ila si ya Gervais. Naona haya kwamba mtu mzima aliyelala chini ya sinki langu, aliyekula samaki wangu, aliyemkwangulia mwanangu barafu, nilimkalisha mezani kwangu miaka yote hii kwa jina ambalo si lake, kwa sababu niliulizwa swali dogo mbele ya akina mama sita nikaogopa. Gervais, nisamehe. Neil, arusi yako nilikuwa duka la miwani. Sikuwa na daktari wala miadi. Nisamehe na wewe.

Anayetaka ukatibu, daftari liko kwenye mkoba wangu na mashine ya taipu iko nyumbani. Zebunissa, pumzika, umefanya kazi. Nanyi mlionisikiliza mpaka hapa bila kuondoka, nawashukuru, hata mlionisikiliza mkiwa mmenuna.

Mkwe wangu, simama utuombee chakula, kinapoa.